UZI: Macomber alikuwa mwoga kweli, au tunamwonea? Na mke wake alilenga nini?

#1 Mwalimu_Katuba
Jambo yenu. Jumamosi kikundi chetu cha kusoma kilikutana hapa Katuba, Lubumbashi, watu saba chini ya mwembe, na tukagawanyika vibaya. Mmoja aliondoka bila kuaga, bukari (ugali) yake ikabaki mezani.

Hadithi ni ile fupi ya mwandishi Mmarekani Hemingway kuhusu Francis Macomber. Kwa ambao hawajaisoma: Macomber ni Mmarekani tajiri wa miaka 35, amekuja Afrika Mashariki kuwinda na mke wake Margot. Anamjeruhi simba, simba anajificha majanini, wanamfuata. Simba anapotoka, bwana anatimua mbio na mke anayaona yote kutoka garini. Usiku ule mke anaenda kulala hemani kwa Wilson, mwindaji wa Kiingereza waliyemlipa awaongoze. Kesho yake wanawinda nyati, na woga unamtoka Macomber kabisa, anakuwa mtu mwingine. Nyati aliyejeruhiwa anawajia, safari hii anasimama imara na kupiga. Mke naye anapiga kutoka garini, risasi yake inamwingia mume kisogoni. Mwisho.

Nina maswali mawili. Mtu aliyekimbia siku moja akasimama siku iliyofuata, tumwite nani? Na Margot alilenga nyati au alilenga mume?

#2 Kisanga_Boy
Mwalimu, jibu iko mwepesi. Ule bwana njo muoga. Kukimbia mbele ya bibi yako! Miye ningekufia palepale na simba, juu ya haya tu. Na bibi alimupiga na kusudi. Kwisha, mufunge uzi.

#3 Chibinda_wa_Mitwaba
Kijana wa namba 2, umeshawahi kumsikia simba mwenye jeraha akiwa karibu nawe kama hapo lilipo geti lako? Sisemi kwenye televisheni. Baba yangu aliwinda pande za Mitwaba, nami nilimbebea chumvi na unga miaka kadhaa kabla hajaniruhusu kushika bunduki. Ile sauti haipiti masikioni. Inapandia miguuni, na miguu inaamua kabla kichwa hakijaulizwa. Baba alikimbia mara mbili katika maisha yake. Najua kwa sababu alikuwa anayasimulia mwenyewe, munkoyo (kinywaji cha mahindi) mkononi, na watu wanacheka mpaka machozi. Hakuna aliyemwita mwoga.

Halafu msome vizuri. Kabla ya kuingia majanini Macomber aliuliza: hatuwezi kuchoma nyasi? Zilikuwa mbichi. Hatuwezi kutuma watu wamkurupushe? Wangeuawa. Basi tumwache? Hapo ndipo Wilson alipomdharau. Mimi nasema maswali mawili ya kwanza ni ya mtu mwenye akili. La tatu ndilo baya, kwa sababu simba mwenye risasi tumboni ukimwacha, kesho atakutana na mwanamke anayetafuta kuni. Kosa lake kubwa liko pale, kukimbia kulikuja baadaye.

#4 Tantine_Ruashi
Ninyi wanaume mnazungumza simba. Acheni niwasimulie habari ya plafoni, yaani dari.

Zamani, tulikuwa na mtoto mmoja tu, wezi walikuja saa nane ya usiku. Hawakubisha, waliupiga mlango kwa gogo. Nikapapasa kitandani, baba watoto hayupo. Nikasema moyoni, mwanaume ametangulia mlangoni. Kumbe vumbi linaniangukia usoni kutoka juu! Bwana yangu amepanda plafoni. Nikachukua sufuria na mwiko, nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka na filimbi zao, wezi wakakimbia. Mzee akashuka na utando wa buibui kichwani.

Hatujalizungumza hata siku moja. Anafanya kazi, analeta mfuko wa unga kila mwezi, ni baba mzuri. Lakini tukigombana, nikiinua tu macho kuangalia juu, ananyamaza.

Kwa hiyo Margot namwelewa. Sikwenda hemani kwa mtu, lakini namwelewa.

#5 Kisanga_Boy
🤣🤣🤣 Tantine! Anaangalia juu tu!

#6 Muuza_Vitabu
Nimecheka mpaka mteja ameniuliza kuna nini. Turudi.

Wengi wetu hapa tumeisoma kwa Kifaransa, na nadhani ugomvi wa Katuba ulianzia kwenye jalada. Kiingereza kinaiita maisha ya Macomber, mafupi na yenye furaha. Kifaransa kinaiita "L'Heure triomphale de Francis Macomber", yaani saa yake ya ushindi. Mfasiri ameshawaambia wasomaji kwamba jamaa alishinda! Mwandishi hakusema hivyo, alisema tu kwamba alifurahi kidogo kisha akafa. Anayeanza na jina la Kifaransa anatafuta shujaa. Anayeanza na la Kiingereza anasikia kejeli. Ilitoka 1938, wakati Ulaya inanukia vita, labda ndiyo maana ushujaa unapimwa kwa bunduki.

Na wahenga wa pwani walishasema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Macomber mwoga alichekwa jioni, Macomber shujaa alililiwa mchana. Methali yote ndani ya siku mbili.

#7 Lettres_UNILU
Kaka Muuza Vitabu, hoja ya jina ni nzuri, ila mwaka si huo. 1938 ni mwaka ilipoingia kwenye mkusanyiko wa hadithi zake. Ilitoka kwanza Septemba 1936, kwenye jarida la Cosmopolitan. Mwezi mmoja kabla, Agosti, Esquire walikuwa wametoa ile nyingine ya mlima Kilimanjaro, nayo ina mume, mke na hema. Zote mbili ni matunda ya safari yake ya 1933 na 1934, alipokuja na mke wake wa wakati ule, Pauline, wakiongozwa na mwindaji Philip Percival. Katikati ya safari aliugua kuhara damu, ikabidi ndege imchukue.

Kuna kisa cha kweli ambacho wengi wanakiona nyuma ya hadithi hii. Mnamkumbuka Patterson, aliyewaua simba wala watu wa Tsavo mwaka 1898? Mwaka 1908 alikuwa msimamizi wa wanyamapori kule, akaongoza safari ya Mwingereza mmoja, Blyth, na mke wake. Blyth akafa kwa risasi kambini. Patterson hakugeuka, aliendelea na safari pamoja na mjane. Minong'ono haikuisha. Ukijua hivyo, unaanza kumtazama Wilson kwa jicho lingine.

#8 Muuza_Vitabu
Nimesahihishwa, aksanti. Lakini kejeli inabaki kejeli hata 1936.

#9 Papa_Kamalondo
Wanangu, jambo yenu. Nimesoma hadithi hii mara tatu, na kila mara macho yangu yanaenda kwa watu ambao hamjawataja.

Mwanzo kabisa Macomber anabebwa mabegani kwa shangwe mpaka hemani kwake. Wanaombeba ni mpishi, watumishi, mchuna ngozi na wapagazi. Wabeba bunduki hawamo. Wale walikuwepo majanini, wanajua. Hawakusema neno. Mwandishi ameyapitisha haraka kama kitu kidogo, lakini kwangu mimi hiyo ndiyo hukumu yote, imeshatolewa kabla hata hatujaambiwa kosa.

Baadaye mtumishi mmoja anamtazama Macomber kwa udadisi, na Wilson anamkaripia kwa Kiswahili. Ndiyo, kwa lugha hii yetu. Kisha anamweleza Macomber kwamba watumishi wakikosa huwa anawachapa, ni kinyume cha sheria, lakini wanapendelea kuchapwa kuliko kukatwa mshahara. Ninyi vijana mmeipita sentensi hiyo. Sisi ambao baba zetu walikula fimbo ya Wabelgiji hatuwezi kuipita. Kwa Kiswahili mnyama wa mtoni na mjeledi uliotoka kwenye ngozi yake ni neno moja, kiboko. Nani alikuwa jasiri kwenye ile kambi? Mwenye bunduki kubwa, au mzee Kongoni, mbeba bunduki wa Wilson, aliyetangulia mbele kufuata damu ya simba bila bunduki ya kwake?

Tena mwandishi ameingia ndani ya kichwa cha simba, tukasikia simba anavyoumia na anavyongoja. Kongoni hakupewa wazo hata moja. Amepewa jina la mnyama tu.

#10 Mwalimu_Katuba
Papa, umenipa somo la wiki nzima. Heshima.

#11 Chibinda_wa_Mitwaba
Papa Kamalondo amenitoa kwenye maficho. Kuna neno ambalo nilikuwa naogopa kuliandika kwa sababu wasomi watacheka.

Kwa baba yangu, usiku wa kabla ya kuwinda mnyama mkubwa nyumba inakuwa na miiko. Mwindaji halali na mke wake. Na akiwa porini, mke anakaa kwa utulivu, hagombani, na zaidi ya yote hatembei nje ya ndoa. Akitembea, si yeye anayeumia. Ni yule aliye porini: bunduki inakataa, mnyama anamgeukia. Mzee mwindaji akipata ajali, swali la kwanza kijijini si "mnyama gani", ni "nyumbani kuna nini".

Sasa isomeni upya. Mke ametoka kwenye hema la Wilson alfajiri. Mume anajua, walizungumza usiku uleule. Asubuhi wanapanda gari moja, watatu wote, kwenda kwa mbogo! Baba yangu angeangusha begi lake chini na kurudi nyumbani. Kwake yeye Macomber alishakufa tangu saa ya chai, bado mahali tu.

#12 Kisanga_Boy
Sasa ba yaya, kama mwiko iko kweli, si Wilson njo alipashwa kufa? Mwizi njo yeye!

#13 Chibinda_wa_Mitwaba
Hapana mdogo wangu. Nimesema anaumia mwenye ndoa aliye porini. Mwizi wa mke hana kitu alichokivunja nyumbani kwake. Si haki, najua. Sikuitunga mimi.

#14 Shimo_Kolwezi
Mimi ni mchimbaji, kresere, niko Kolwezi. Msicheke mambo ya namba 11. Sisi pia tuna yetu. Kuna wenzangu hawashuki shimoni kama usiku wamegombana na wake zao. Wanakaa juu, wanavuta kamba ya mwingine, hela yao inapungua, hawashuki. Miye nilikuwa nasema ni imani za wazee. Siku moja nilishuka na hasira ya nyumbani, nikafika chini, taa ikazima, na mwili wote ukakataa. Nilikaa nimeshika ukuta sijui kwa muda gani. Hakuna kilichoniangukia. Ilikuwa kichwa tu, kimejaa mambo ya nyumbani. Siku ya pili nikashuka kama kawaida nikiimba.

Kwa hiyo swali la kwanza la Mwalimu: mtu huyohuyo mmoja. Jana hakuweza, leo ameweza. Sioni fumbo.

#15 Lettres_UNILU
Shimo_Kolwezi, umeeleza vizuri kuliko makala niliyosomeshwa. Ila siku yako ya pili ulishuka ukijua shimo. Macomber siku ya pili alipandishwa na gari. Woga ulimtoka wakati gari linakimbia sambamba na nyati, anapiga, anapiga, hakuna hata nafasi ya kuwaza. Je, huo ni ujasiri au ni ulevi wa mwendo?

#16 Muuza_Vitabu
Ulevi, halafu akalevuka akiwa bado amesimama. Maana nyati wa mwisho hakuwa wa gari. Alimfuata kwa miguu.

#17 Wakili_Kampemba
Niruhusuni kuingia na kesi, maana naona Margot amehukumiwa bila mtetezi.

Ushahidi wa kwanza: msimulizi anasema waziwazi kwamba alipiga akimlenga nyati, wakati nyati alipoonekana anakaribia kumchoma mume. Hakusema alimlenga mume. Kama unaamini msimulizi alipokuambia mawazo ya simba, huwezi kumkataa hapa. Wa pili: mtu anayetaka mumewe afe, na nyati amebakiza hatua mbili kumfikia, anachotakiwa kufanya ni kukaa kimya. Nyati angemaliza kazi bila kosa la jinai. Wa tatu: anayeleta shutuma ni Wilson peke yake, na shahidi huyu ana maslahi. Aliwafukuza nyati kwa gari, jambo lililokatazwa, na angepoteza leseni. Margot alikuwa ameshamwambia kwamba analijua hilo. Baada ya risasi moja tu, mizani imegeuka: sasa Wilson ndiye anayejua kitu juu ya Margot. Angalieni anavyomsukuma mpaka amwombe anyamaze, ndipo anaacha. Huyo si mtu anayetafuta ukweli.

Tena alimpiga kwa bunduki ya mume mwenyewe aliyoiangusha, jambo linaloonyesha haraka ya...

#18 Chibinda_wa_Mitwaba
Wakili, hapo umejikwaa. Macomber alikuwa na bunduki yake ya Springfield mkononi mpaka mwisho. Margot alitumia Mannlicher ya milimita 6.5, iliyoachwa garini, na Wilson ndiye aliyesema iachwe kwake. Hilo linasaidia upande wako au linauharibu, sijui.

Nyongeza ya mtu aliyepiga mbogo. Nyati akija ameinua pua, unapiga puani. Macomber alipiga juu kidogo, risasi zinavunja vipande vya pembe, kama mtu anayepiga mawe. Maana yake mikono haikutetemeka sana, alikosea kwa upana wa kiganja. Na Wilson alikuwa amejisogeza pembeni apate kupiga bega. Kwa hiyo katikati, mbele ya nyati, alibaki mtu mmoja tu amesimama, na nyuma yake gari. Mtu asiyezoea bunduki akipiga kutoka kule, shabaha zote ziko kwenye mstari mmoja. Nimeona mwindaji mzoefu akimuua mbwa wake namna hiyo.

#19 Wakili_Kampemba
Nakubali marekebisho. Na yanasaidia upande wangu.

#20 Tantine_Ruashi
Wakili, wewe ni mwanaume mwema lakini hujaolewa. Mimi nasema alikusudia na hakukusudia. Miaka kumi na moja ndani ya ndoa, yeye ana uzuri, mume ana pesa, kila mmoja amemfunga mwenzake kwa kamba hiyo. Ile kamba ilikuwa imeshikiliwa na woga wa mume. Asubuhi moja mume anacheka, mashavu yamepata rangi, anaongea kama mtu aliyezaliwa jana. Mwandishi anasema Margot aliliona badiliko hilo, na akaogopa sana. Kwa hiyo ndani ya gari ni nani mwoga sasa? Woga haukutoka kwenye safari, ulihama kiti tu.

Mkono wa mtu anayeogopa hauna macho. Unampiga aliye karibu.

#21 Kisanga_Boy
Tantine iko analeta filozofia. Juu ya plafoni yote imetokea 😅

#22 Papa_Kamalondo
Kisanga, heshimu wakubwa. Na wewe uliyesema ungekufia palepale, nikuulize: unamjua Kalala Ilunga? Mjomba wake Nkongolo alimwita acheze ngoma mbele ya watu, kumbe chini ya mkeka kuna shimo limejaa mikuki. Kalala alipogundua, alifanya nini? Alikimbia! Akavuka mto Lualaba akaenda kwa baba yake. Alirudi baadaye na jeshi, na Waluba wanahesabu ufalme kutoka kwake. Hakuna mzee hata mmoja aliyenisimulia habari hiyo akamwita mwoga.

Na baba yake, Mbidi Kiluwe, alikuwa nani? Mwindaji aliyetoka mashariki, akawaoa dada wawili wa Nkongolo. Chibinda Ilunga naye, ambaye ndugu yetu wa Mitwaba amechukua jina lake, aliingia kwa Walunda na upinde, akamwoa Lueji, malkia wao. Katika hadithi zetu mwindaji anafika na nyama, anapata mke, unazaliwa ufalme. Kwa huyu Mmarekani mwindaji anafika na pesa, anapoteza mke, anazaliwa maiti. Ningependa vijana wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, waandike juu ya hilo badala ya kunukuu majarida.

#23 Lettres_UNILU
Nimeandika kwenye daftari, Papa. Ila niongeze kidogo: kwa kipimo cha hadithi zako, anayefanana na Mbidi Kiluwe ni Wilson. Mgeni, fundi wa kuwinda, anachukua mwanamke wa nyumba ya mwingine.

#24 Papa_Kamalondo
Mbidi Kiluwe alioa. Hakuweka kitanda kipana hemani kwa ajili ya wateja.

#25 Muuza_Vitabu
😂 Hilo la kitanda kipana ni kweli limeandikwa. Wilson anakibeba safari zote akingoja bahati.

#26 Mwalimu_Katuba
Nilifungua uzi nikitaka jibu la kupeleka Jumamosi. Sasa ninayo sita: ameua, hakuua, Wilson ndiye mbaya, mwiko umevunjwa, mstari wa risasi, na Tantine wa alikusudia-na-hakukusudia. Aliyeondoka bila kuaga amenipigia simu, anataka bukari yake.

#27 Baba_Watoto_R
Jambo yenu. Nimejiunga leo. Mtoto wangu wa tatu amenionyesha uzi huu akicheka.

Mimi ndiye wa plafoni. Nataka iandikwe hapa kwamba nilipanda kuchukua panga.

#28 Kisanga_Boy
WEEEEE. Mushahidi amefika!! Wakili uko wapi?

#29 Tantine_Ruashi
Baba watoto, panga lilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Lilikaa pale mpaka tulipohama.

#30 Baba_Watoto_R
Lile la jikoni ni la kukatia kuni. Kulikuwa na lingine juu, la marehemu baba yangu. Sikulipata gizani. Na mama watoto amesema nilishuka wezi wameshakimbia. Si kweli. Nilishuka wakati bado wanapiga mlango. Aeleze pia ni nani aliyenirushia mchi wa kinu nikiwa nateremka. Bega hili la kushoto linauma mpaka leo kila msimu wa mvua.

#31 Wakili_Kampemba
Mama, hii haikuwepo kwenye maelezo yako ya kwanza.

#32 Tantine_Ruashi
Kulikuwa na giza. Nilidhani ni mwizi amepitia juu.